Landrover 109 ya 1976: sili ya nyuma ya kranki imebadilishwa mara tatu, oili bado inadondoka

#1 Kihesa_109
Wakuu, habari za Jumapili.

Nina Landrover 109 Series III ya mwaka 1976, injini ya petroli 2.25. Aliiacha marehemu baba. Tangu 2019 ndiyo gari langu la shamba, Iringa mjini hadi Kilolo na kurudi, mara mojamoja Mafinga. Haijawahi kunilaza njiani hata siku moja. Shida yake ni oili.

Nikiipaki jioni, asubuhi nakuta dimbwi la ukubwa wa sahani. Linadondokea pale chini injini inapokutana na giaboksi, kwenye kile kitundu kidogo. Fundi wa kwanza akasema sili ya nyuma ya kranki, ule mpira unaozuia oili isitoke pale shafti ya injini inapotokea nyuma. Giaboksi ikashushwa, sili ikabadilishwa, ikakauka wiki mbili, ikarudi palepale. Fundi wa pili: sili. Wa tatu, mwezi wa nne mwaka huu: sili tena. Kila mara nalipia kushusha giaboksi upya. Oili naongeza kama nusu lita kila kilomita 300. Natumia 20W-50.

Swali langu: sili tatu zote mbovu? Au tunatibu mguu wakati ugonjwa uko kiunoni?

#2 Dogo Vitz
Mkuu, Landrover isiyovuja ujue haina oili ndani. Ziba hicho kitundu kwa boliti, maisha yaendelee.

#3 SpanaKumi
Kihesa_109, pole. Dogo Vitz usimsikilize kabisa kwenye hilo la boliti, nitalirudia.

Sili tatu mfululizo kuwa mbovu ni nadra. Kufungwa vibaya mara tatu kunawezekana sana, kwa sababu sili ya nyuma ya injini hii si ya kubamiza kwa nyundo kama za magari ya Kijapani. Imekatwa mahali pamoja, unaipanua, unaivisha kwenye kranki, ina springi yake ya ndani unayoiunga kwa kulabu, halafu inakaa kwenye mabano mawili, nusu juu nusu chini. Ukiweka mkato wa sili palepale yanapokutana mabano, inavuja. Springi ikichomoka kulabu, inavuja. Ukifunga kavu bila kuipaka oili mdomoni, inaungua dakika za kwanza.

Lakini swali langu la kwanza kwako: sampu (lile bakuli la oili chini ya injini) ilishushwa? Kepu ya beringi ya nyuma ina sili mbili za pembeni, zina umbo la herufi T. Hizo huwezi kuzigusa mpaka sampu na kepu vishuke. Fundi akibadilisha sili ya kranki peke yake, zile T zikabaki za zamani, oili itapita ubavuni na kudondokea kwenye kitundu kilekile. Wewe utaona ni sili ile ile.

#4 Mhandisi wa Kinondoni
Nakubaliana na #3 kuhusu ufungaji ila naona anaanzia mwisho. Injini inayosukuma oili nje ina presha ndani. Angalia kwanza ule mfuniko wa kupumulia juu ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), mafundi wanauita brida. Ndani una wavu wa waya. Ukiziba kwa masizi na oili ya miaka, moshi unaopenya kwenye ringi za pistoni unakosa pa kutokea, unatafuta sehemu dhaifu, na sehemu dhaifu ni sili. Utafunga sili mpya hata kumi, zote zitasukumwa nje.

Kujaribu ni bure. Injini ikiwa ya moto na inanguruma taratibu, fungua mfuniko wa kujazia oili. Kama kunatoka pumzi ya kusukuma kiganja, jibu unalo.

#5 Kihesa_109
Asanteni. SpanaKumi, sampu haikushushwa hata mara moja. Nilikuwepo mara zote tatu, ningeona. Mhandisi, kesho asubuhi nafungua.

#6 Babu Boliti
Vijana, marahaba kwa wote mtakaosalimia. Nimefanya kazi kwenye karakana ya idara moja ya serikali miaka 31, na 109 zilikuwa chakula chetu cha kila siku. Niko Masasi sasa, nimestaafu.

Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza oili hiyo ni ya nini. Kile kitundu kiko chini ya nyumba ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Mbele yake kuna injini, nyuma yake kuna giaboksi. Sili ya shafti ya kuingilia giaboksi ikichoka, oili ya gia inaingia humo humo na kudondokea kitundu hicho hicho. Mnashusha giaboksi, mnaiweka pembeni, mnabadilisha sili ya injini, mnarudisha giaboksi ile ile na sili yake mbovu. Inakauka wiki mbili kwa sababu mmefuta na kuosha, basi.

Chukua tone kwa kidole. Oili ya gia EP90 inanata na ina harufu kali ya salfa. Salfa sisi wa huku kusini tunaijua vizuri, ndiyo ya kupulizia mikorosho. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi na inanuka kuungua. Pua haina gharama.

Na wewe mwenye Vitz: kauli yako ya kwamba Landrover lazima ivuje ndiyo imefanya mafundi wengi waache kutafuta. Zilipokuwa mpya hazikuwa hivyo, na karakana yetu ilikuwa na sakafu ya saruji tuliyoifagia kila asubuhi.

#7 Dogo Vitz
Shikamoo babu. Nimekuelewa, naondoa kauli.

#8 Mama Gereji Moshi
Habari zenu. Nina gereji ndogo Moshi, nashughulika zaidi na Defender na hizi 109 za mashamba.

Ngoja niongeze la nne. Oili haipandi, inashuka. Halafu gari likitembea upepo unaisukuma nyuma. Kwa hiyo kila kinachovuja juu au mbele kitaonekana chini na nyuma. Mwaka juzi nililetewa 109 kutoka Same, mwenyewe ameshalipia kushusha giaboksi mara mbili sehemu nyingine. Nikaiosha, nikaitembeza, nikakuta gasketi ya tapeti kava imekunjika kona ya nyuma. Oili ilikuwa inateremka nyuma ya bloku, inapita juu ya nyumba ya flaiwili na kuzunguka hadi chini. Gasketi ya kizibo (cork), dakika 20 za kazi. Yule mzee alikaa kwenye benchi akanyamaza muda mrefu, maana alikuwa ameuza mbuzi kulipia zile kazi mbili.

Kwa injini ya 2.25 petroli mimi huangalia kwa mpangilio huu kabla sijashika spana ya giaboksi: tapeti kava na zile nati zake tatu za kofia (chini yake kuna washa za mpira, zikikauka oili inapanda kwenye stadi), makava mawili ya ubavuni, sehemu pampu ya petroli ilipofungwa, kiti cha distributa, swichi ya presha ya oili, na chujio. Hasa chujio. Hizi zina kikombe cha chuma na ringi ya mpira juu. Ringi ya zamani hubaki imeganda kwenye mfereji, fundi anaweka mpya juu yake, zinakuwa mbili, na hapo haizibi kamwe.

#9 Kobe wa Lindi
Mama Gereji unaosha kwa kitu gani? Mimi nilipuliza maji ya presha kwenye injini ikagoma kuwaka siku mbili.

#10 Mama Gereji Moshi
Kobe, dizeli na brashi, au mafuta ya taa, injini ikiwa ya baridi. Distributa na kabureta navifunga kwa mfuko wa plastiki. Nasuuza kwa maji kidogo yasiyo na presha, naacha likauke juani. Likishakauka napuliza poda ya watoto kila mahali ninapopashuku. Gari linatembezwa kilomita 10, linarudi, unalala chini na tochi. Poda nyeupe ikishika oili inaacha mchirizi unaoonekana kama njia ya siafu, unaufuata kwenda juu hadi unapoanzia. Usifuate tone, fuata mchirizi.

#11 Maralal_Mbali
Wakuu, Kenya hapa, niko Samburu. Mji wetu wa Maralal unajulikana kwa Landrover za zamani, bado zinabeba abiria na mbuzi kwa barabara ambazo magari mengine huogopa. Kwa hivyo hii mambo ya oili tunaishi nayo.

Nataka kurudi kwa ile story ya kuziba kitundu (#2). Hapo chini ya nyumba ya flaiwili kuna shimo lenye nyuzi, na gari lilitoka kiwandani na plagi yake. Hiyo plagi ni ya kuvukia mito pekee. Unaifunga kabla ya kuingia maji ndiyo klachi isilowe, ukishavuka unaitoa. Jamaa yangu aliiacha imefungwa miezi mitatu akafurahi kwamba gari "imepona". Oili ilijaa ndani mpaka ikafika klachi. Alikuja kujua akipanda mlima na mzigo: injini inalia, gari haiendi. Sahani ya klachi ilikuwa imeloa kama andazi kwa mafuta.

Kwa hivyo kudondoka hapo si ugonjwa, ni njia ya ugonjwa kujionyesha.

#12 SpanaKumi
Asante Maralal, ndilo nililotaka kurudia na umelisema vizuri kuliko mimi.

#13 Pijo la Kale
Hizi ndizo sababu mimi nilibaki na Peugeot 404. Haivuji na ndiyo ilishinda Safari Rally mara tatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Landrover ilishinda lini?

#14 Maralal_Mbali
Mkubwa wa 404, ni mara nne. Umesahau 1963, Nick Nowicki. Na 1968 ni yeye tena. Zile mbili za katikati, 1966 na 1967, ni Bert Shankland na Chris Rothwell.

#15 Pijo la Kale
Kweli, nilisahau 1963. Na Shankland alikuwa akiishi hapa Tanzania, hilo tujivunie. Lakini 1965 nayo si 404 ya Joginder Singh?

#16 Babu Boliti
1965 Joginder alishinda na Volvo PV544. Turudi kwenye oili.

#17 Kihesa_109
Nimerudi na taarifa.

Nimefungua mfuniko wa oili injini ikiwa ya moto: kuna pumzi, kiasi. Si ya kusukuma mkono ila inasikika na ina moshi mwembamba. Nimevua brida, wavu wake ni mweusi tii na mgumu kama makapi ya kahawa yaliyokauka. Nimeuloweka kwenye petroli tangu asubuhi.

Harufu: nimenusa tone, naona ni ya injini. Nikamwita mke wangu bila kumwambia lolote, akasema inanuka kama kiberiti. Fundi jirani akasema ya injini. Watu watatu, majibu mawili.

Kingine ambacho sikukisema mwanzo: kuna wiki napima kijiti oili haijapungua kabisa ingawa chini kuna dimbwi. Wiki nyingine inapungua sana. Hili linanichanganya kuliko yote.

#18 Mpemba wa Muscat
Assalam alaykum ndugu zangu. Hilo la mwisho la Kihesa ndilo khasa linalonitia wasiwasi. Gari inavuja lakini kipimo hakishuki? Basi kuna kitu kinaingia. Pampu ya petroli ya injini hizi ina mkono unaosukumwa na injini yenyewe, imefungwa ubavuni, na ndani ina ngozi ya mpira. Ngozi ikitoboka petroli inateremka ndani ya sampu. Oili inakuwa nyepesi kama maji, nayo oili nyepesi inapita kila sili. Mimi yangu hapa Oman ilinifanyia hayo, na joto la huku likazidisha. Nusa kijiti cha oili, si tone la chini. Kikinuka petroli usiwashe gari mpaka ubadilishe pampu na umwage oili yote, kwani beringi zitaliwa.

#19 Mhandisi wa Kinondoni
Hoja nzuri sana #18. Ila kipimo kinaweza pia kudanganya kwa namna ya kupaki. Kihesa, unaipaki wapi usiku? Pako bapa?

#20 Kihesa_109
Hapana. Nyumba iko kilimani, gari linalala pua ikiangalia juu.

#21 SpanaKumi
Basi oili yote inalala nyuma ya sampu usiku kucha, imeegemea zile sili T. Geuza gari leo, lala pua chini. Kama dimbwi linapotea, oili ni ya injini na inatoka nyuma. Kama linabaki vilevile, babu wa Masasi ana haki ya kusikilizwa kuhusu giaboksi.

#22 Fundi Chipukizi
Samahani kwa kuingilia. Injini ya 1976 ina beringi tano za kranki, kwa hiyo kranki haiyumbi na sili haiwezi kuliwa upande mmoja. Mimi naona ni oili isiyofaa. Magari ya zamani yana tapeti bapa, yanataka oili yenye zinki nyingi.

#23 Babu Boliti
Kijana, karibu, lakini mambo mawili. Injini ya petroli ya 2.25 ilianza 1958 na ilikuwa na beringi tatu hadi 1980. Za tano ndizo za 1980 na kuendelea. Ya Kihesa ni ya tatu. Beringi ya nyuma ikilegea, kranki inacheza na mdomo wa sili unachoka upesi, hilo ni jambo la kuangalia siku kepu itakaposhuka.

La pili, tapeti za injini hii si bapa, zina roli. Zinki si tatizo lake.

#24 Fundi Chipukizi
Nimejifunza, asante mzee.

#25 Kobe wa Lindi
Mimi oili inayodondoka nakinga kwa karai, najaza kwenye dumu, napaka nguzo za banda. Mchwa hawagusi mwaka mzima.

#26 Bibi wa Mgeta
Kobe mwanangu, hilo la nguzo hata sisi tunafanya, lakini uwe mbali na kisima. Jirani alimwaga oili chafu karibu na mfereji, maji ya kumwagilia yakaja na rangi za upinde wa mvua juu yake na mboga zikanuka msimu mzima. Paka nguzo pekee, usimwage chini.

#27 Kihesa_109
Wakuu, ni siku 12 sasa, nilitaka nije na kitu kamili.

Nimeliosha kwa dizeli kama alivyosema Mama Gereji, likakaushwa, nikapuliza poda mbili nzima. Nimetandika maboksi ya katoni chini, kila usiku boksi jipya lenye tarehe, kwa hiyo nina kumbukumbu.

Brida safi nimeirudisha. Kijiti hakinuki petroli, nimewapa watu watano wanuse. Pampu hata hivyo nimeifungua, ngozi ina nyufa lakini haijatoboka. Nimeagiza nyingine kwa wauza spea wa Gerezani, Dar.

Nyuma ya tapeti kava poda ni nyeupe kabisa, kavu. Kava la ubavuni la nyuma lina mchirizi, mwembamba, unashuka hadi ukingo wa sampu na kwenda nyuma. Hilo ni jipya kwangu.

Dimbwi limepungua. Lilikuwa sahani, sasa ni mdomo wa kikombe cha chai. Pua ikiangalia chini lipo lakini dogo zaidi, kama sarafu mbili tatu. Halijaisha.

Nimepima pia kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) kwa geji ya kuazima. Silinda ya kwanza 130, ya pili 128, ya tatu 104, ya nne 131. Nikatia kijiko cha oili ya tatu, ikapanda hadi 122.

Na mwisho, kwa heshima ya babu wa Masasi, nilifungua plagi ya kujazia giaboksi. Iliingia karibu nusu lita kabla haijafurika. Giaboksi yenyewe inachukua lita moja na nusu tu.

#28 Mhandisi wa Kinondoni
Silinda ya tatu, ringi. Imepanda ulipotia oili, kwa hiyo si vali. Hapo ndipo presha inapotoka. Brida peke yake imelipunguza dimbwi zaidi ya nusu. Mimi nimemaliza.

#29 Babu Boliti
Hujamaliza, mwanangu. Silinda moja iliyochoka kiasi hicho haiwezi kuishinda brida safi. Na nusu lita ya giaboksi imekwenda wapi? Haikunywewa.

#30 SpanaKumi
Mzee, kwa heshima, inaweza kuwa imekwenda nyuma na si mbele. Kwenye hizi Series giaboksi hupenda kuihamishia oili yake transfa (boksi la pili la gia, nyuma yake) kupitia sili ya shafti kuu. Kihesa, fungua plagi ya kipimo ya transfa. Ikimwagika zaidi ya inavyotakiwa, nusu lita yako iko humo, na sili ya mbele ya giaboksi haina kosa.

#31 Babu Boliti
Hilo ni kweli, SpanaKumi. Nimeliona mara nyingi na sikulifikiria. Afungue.

#32 Mama Gereji Moshi
Na mimi nashikilia ule mchirizi wa kava la ubavuni. Umeshaonekana kwa macho, mengine yote bado tunayakisia. Kava hilo linafungwa kwa boliti ndogo, watu hulikaza mpaka linapinda, kisha wanamimina silikoni. Livue, liweke juu ya kioo cha dirisha, uone kama linayumba. Likiyumba lipigwe taratibu kwa nyundo ya mbao mpaka likae. Gasketi mpya, gundi nyembamba upande mmoja tu. Silikoni nyingi humeguka ndani na kwenda kuziba kichujio cha pampu ya oili, nimekuta hilo kwa macho yangu.

#33 Maralal_Mbali
Kihesa, spea za sili T utapata wapi huko? Nairobi, Kirinyaga Road zipo, lakini chagua za mpira, si zile za kizibo zilizokaa kwa shelfu miaka. Nilinunua za kizibo zikavunjika mkononi kama biskuti.

#34 Dogo Vitz
Jamani mimi nilikuja kucheka lakini nimesoma uzi wote hadi usiku. Swali la dhati: kwa gharama hizi zote, kwa nini usiweke injini ya dizeli ya Kijapani kama wengi wanavyofanya? Inapanda milima ya Kilolo bila kelele.

#35 Kihesa_109
Dogo, nimeambiwa hilo mara nyingi na si wazo baya kwa mwenye gari la biashara. Hii baba aliinunua kwenye mnada 1989, nikiwa darasa la pili. Alitupeleka nayo hospitali, mazishini, shuleni. Ile sauti yake ikipanda kilima cha nyumbani, mama bado anatoka nje. Ikibadilishwa injini atatoka kumtazama nani?

#36 Dogo Vitz
Nimekuelewa kaka. Usiibadilishe.

#37 Pijo la Kale
Hapo umenigusa hata mimi wa 404. Na nilikuwa Arusha Oktoba 2024 kwenye lile tamasha la Landrover, nilizunguka nikiangalia chini ya zile za zamani. Nyingi zilikuwa na kadibodi, kweli, lakini nyingine zilikuwa kavu kabisa, za umri huohuo. Nilimuuliza mwenye moja ya Series II, akasema yeye hubadilisha washa za tapeti kava na ringi ya chujio kila anapomwaga oili, basi.

#38 Kihesa_109
Transfa nimeifungua. Ilimwagika, ila si nusu lita, niliikinga kwenye chupa ya maji: robo lita na kidogo. Kwa hiyo SpanaKumi yuko sahihi nusu na babu yuko sahihi nusu.

Kava la ubavuni Mama Gereji: linayumba juu ya kioo. Nimelinyoosha, gasketi mpya imeingia jana. Boksi la leo asubuhi lina doa la ukubwa wa sarafu moja.

#39 Mhandisi wa Kinondoni
Sarafu moja kutoka sahani. Mimi ningeacha hapo, nikaweka akiba ya ringi.

#40 SpanaKumi
Usiache. Doa limebaki pale pale nyuma. Sili T bado ni za 1976 mpaka mtu anihakikishie vinginevyo.

#41 Kihesa_109
Nimeamua. Sili T za mpira zimeagizwa kutoka Nairobi, zinafika Alhamisi. Jumamosi giaboksi inashuka, na safari hii sampu na kepu navyo. Nitabadilisha sili ya kranki, sili T, na ile ya mbele ya giaboksi ya babu, zote pamoja. SpanaKumi, zile T nikishazipachika nazikata vipi? Fundi wangu anataka kuzikata sawasawa na uso wa kepu.

#42 SpanaKumi
Asikate sawasawa! Ziache zichomoze kidogo, pungufu ya milimita moja, ndizo zitabanwa na gasketi ya sampu. Wembe mpya, si kisu cha jikoni. Wakati wa kupandisha kepu mpira hupenda kukunjika ukingoni mwa bloku, kwa hiyo mtie oili, na apitishe vipande viwili vya bati jembamba pembeni vya kuuongoza, kepu ikishakaa avivute. Na apitishe ukucha kwenye kranki pale sili inapokaa. Ukucha ukikwama kuna mfereji, mnisubiri kabla hamjafunga.

#43 Babu Boliti
Na kabla ya kushusha chochote Jumamosi: nyumba ya flaiwili ikishafunguka, asifute mtu. Chukua kitambaa cheupe, gusa uso wa nyuma wa injini, kisha kitambaa kingine uso wa mbele wa giaboksi. Angalia upi umeloa, nusa vyote viwili. Mara tatu walizoshusha, walifuta kwanza.

#44 Kihesa_109
Vitambaa viwili nimeshavikata kwenye shuka la zamani. Mama amesema atakuja kunusa mwenyewe.